Miji ya Kale ya Uchina na Chimbuko la Hadithi za Safari

Katika jumla ya hadithi zipendwazo na watu wa kila taifa, zile za safari na masaibu zina daraja yake peke yake. Mtoto huzisikiliza kabla hajajua kusoma, na mzee huzirudia baada ya macho yake kuchoka kusoma. Aghalabu hudhaniwa kuwa hadithi za namna hii ni kazi ya ubunifu mtupu: kwamba mtungaji huketi chumbani mwake, akafumba macho, akaona majitu na majoka na majangwa, kisha akaandika. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba mambo hayakuwa hivyo katika Uchina, ambayo ni mojawapo ya nchi zenye hazina kubwa kabisa ya hadithi hizo. Huko hadithi mashuhuri za ujasiri zilizaliwa na safari za kweli, na safari hizo zilikuwa na miji yake: mji aliotoka msafiri, mji uliomsimulia, na mji uliomtia katika kitabu. Tutaipitia miji mitatu kwa utaratibu wa zama zake, yaani Chang'an, Hangzhou na Nanjing, tukiuliza katika kila mmoja ni kitu gani hasa ulichompa mtungaji. Mwisho tutauliza swali ambalo kwa msomaji wa Kiswahili si la kupitiwa kwa haraka: safari ya kweli inapogeuzwa kuwa hadithi hupotea nini, na anayepotelewa ni nani?

Pwani yetu imelisikia jina la Uchina tangu zamani. Msemo wa kutafuta elimu hata kama iko Uchina umenukuliwa sana vyuoni, na vigae vya vyombo vya kaure vya Kichina vimefukuliwa Kilwa na Gedi. Walakini Uchina tuliyoizoea katika hekaya siyo Uchina. Msomaji wa kisa cha Aladini na taa ya ajabu huambiwa tangu mwanzo kuwa mambo yalitukia katika mji mmoja wa Uchina. Lakini akiingia ndani ya mji huo hukuta sultani, waziri, hamamu na majini, wala hakuti jambo lolote ambalo Mchina angelitambua kuwa la kwao. Kisa chenyewe hakikuwamo katika hati za kale za Kiarabu za Alfu Lela u Lela. Antoine Galland alikipokea mjini Paris mwaka 1709 kwa kinywa cha Hanna Diyab, msimulizi aliyetoka Halab. Katika kisa hicho neno Uchina ni jina la umbali tu, kama vile mtu wetu asemavyo "huko ng'ambo ya bahari saba". Hadithi hiyo ni nzuri, na hatuitoi thamani. Bali inafaa kuwekwa mbele yetu kama kipimo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa na tuwatazame wale waliokilalia.

Lango la Chang'an

Chang'an iliyokuwa makao ya wafalme wa Tang ilianza kujengwa mwaka 582 na nasaba ya Sui, na kuanzia mwaka 618 ikawa mikononi mwa Tang. Ukuta wake wa nje ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 9.7 kutoka mashariki hata magharibi, na karibu kilomita 8.6 kutoka kaskazini hata kusini. Ndani ya ukuta huo mlikuwa na mitaa ipatayo mia na zaidi iliyopangwa kama vyumba vya ubao wa bao, na kila mtaa ulikuwa na ukuta wake na malango yake. Yalikuwako masoko mawili, moja la Mashariki na moja la Magharibi, na katika hili la Magharibi walionekana wachuuzi wa Uajemi na wa Sogdia pamoja na ngamia wao. Jua lilipotua ngoma zilipigwa, malango ya mitaa yakafungwa, na aliyekutwa barabarani baada ya hapo bila ya ruhusa alipigwa bakora.

Mtungaji wa hadithi za masaibu hupata nini katika mji wa namna hii? Hupata mpaka. Hakuna ujasiri mahali ambapo kila mtu huenda atakako. Ujasiri huanza pale penye lango, bawabu na amri. Chang'an ilikuwa na malango ndani ya malango, na nje yake palikuwa na lango kubwa zaidi, yaani amri ya dola iliyokataza watu kutoka mipaka ya magharibi bila ya idhini.

Mtu aliyelivuka lango hilo alikuwa mtawa wa dini ya Buddha, jina lake Xuanzang. Aliona kuwa vitabu vya dini yake vilivyofasiriwa kwa Kichina vilikuwa na upungufu na vilipingana, akaazimia kwenda India kuvitafuta katika asili yake. Aliomba ruhusa hakupewa. Akaondoka kwa siri mwaka 629, na wengine huhesabu mwaka 627, naye alikuwa kijana asiyetimiza miaka thelathini. Habari za safari hiyo zimehifadhiwa katika kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na wanafunzi wake Huili na Yancong, kilichokamilika mwaka 688. Zinastahili kusimuliwa kwa kituo, kwa sababu ndizo mbegu ya yote yaliyofuata.

Karibu na mpaka alimpata kiongozi wa kabila la kigeni aliyeitwa Shi Pantuo. Mzee mmoja akamshauri abadilishane naye farasi, achukue farasi mwekundu mkongwe aliyekonda, kwa kuwa mnyama huyo alikuwa amekwisha kuvuka jangwa lile mara nyingi. Usiku mmoja Xuanzang alimwona kiongozi wake akiinuka na kumjongelea na silaha iliyochomolewa, kisha akarudi alipolala. Kulipokucha kiongozi huyo akasema kuwa haendi mbele tena, maana adhabu ya kuvunja amri ilikuwa kubwa. Mtawa akaendelea peke yake. Kwenye mnara wa kwanza wa walinzi aliteremka usiku kuteka maji, na mshale ukapita karibu na goti lake. Akapaza sauti akajitaja kuwa ni mtawa. Akachukuliwa kwa mkuu wa mnara, naye kwa bahati akawa mtu wa dini moja naye, akampa chakula na kumwonyesha njia. Mbele yake ilibaki nchi ya mchanga isiyo na ndege wala mnyama. Humo mfuko wake wa maji ulimponyoka ukamwagika. Aligeuka kurudi, akaenda kitambo, kisha akakumbuka kiapo chake cha kutopiga hatua hata moja kuelekea mashariki kabla ya kufika India. Akageuka tena kuelekea magharibi. Alikaa siku tano na usiku nne bila ya tone la maji, hata yule farasi mkongwe alipoacha njia kwa nguvu zake mwenyewe akampeleka penye majani na dimbwi.

Msomaji atazame jinsi kisa hiki kilivyojengeka. Hakuna jini wala joka ndani yake, na hata hivyo hakipungukiwi na kitu. Kila hatari ina sababu ijulikanayo: sheria, woga wa mtu, kiu. Kila wokovu nao una sababu: dini iliyoshirikiwa, na mazoea ya mnyama. Msafiri maskini ajapokuwa sultani. Naye Xuanzang, aliyekuwa mwanachuoni wa kuheshimiwa katika mji mkuu, aliponea kwa akili ya farasi.

Alirudi mwaka 645 na vitabu 657 juu ya farasi ishirini. Mfalme Taizong, ambaye dola yake ndiyo iliyomkataza kutoka, alimpokea kwa heshima akamtaka aandike habari za nchi za magharibi. Na mwaka 646 kitabu hicho kilikuwa tayari. Mwaka 652 ulianza ujenzi wa mnara wa kuhifadhia vitabu alivyoleta, nao ungaliko hata leo katika mji wa Xi'an, uliokaa juu ya sehemu tu ya Chang'an ya kale. Ukuta wa mji unaotembelewa leo ni wa enzi ya Ming, na ni mdogo kuliko ule wa Tang. Mgeni asiyeijua tofauti hiyo huondoka akidhani amelipita lango alilopita Xuanzang.

Baraza za Hangzhou

Safari ya mtu mmoja haiwi hadithi ya taifa mpaka ipate masikio. Masikio hayo yalipatikana kwa wingi Hangzhou. Baada ya kupoteza nchi ya kaskazini, nasaba ya Song iliufanya mji huo kuwa makao yake rasmi mwaka 1138, na ukabaki hivyo hata uliposalimu amri kwa Wamongoli mwaka 1276. Ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani kwa wakati wake. Kinyume cha Chang'an ya awali, haukufungwa kwa ngoma wakati wa magharibi. Biashara na michezo iliendelea usiku, na katika mitaa maalumu ya tafrija iliyoitwa wazi watu walikwenda kutazama vikaragosi, miereka na mazingaombwe, na kusikiliza wasimulizi.

Wasimulizi hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Kitabu kimoja kuhusu mji huo, cha mwaka 1235, kinawagawanya kwa fani zao: wako waliosimulia visa vya mapenzi, mizimu, kesi za mahakama na mapigano ya mapanga na marungu, wako waliofafanua vitabu vya dini, na wako waliosimulia vita na kuanguka kwa nasaba za zamani. Kila mmoja alikula jasho la ulimi wake. Msikilizaji aliyechoka aliondoka, na aliyeondoka hakulipa. Ndipo ikazuka sanaa ya kukata kisa pale panapowasha, shujaa akiwa ukingoni mwa kisima na adui akiwa nyuma yake, ili msikilizaji arudi. Hata baadaye sana, hadithi ndefu za Kichina zilipokuwa zikisomwa kimya kimya vyumbani, sura ziliendelea kufungwa kwa maneno ya kumwalika msikilizaji angojee sura ifuatayo. Aliyesikia wasimulizi wetu wa pwani wakikatiza ngano usiku wa manane atalielewa jambo hili bila ya kufundishwa.

Katika mtaa mmojawapo wa tafrija wa Hangzhou, ulioitwa Zhongwazi, palikuwa na duka la vitabu la ukoo wa Zhang. Duka hilo lilipiga chapa kijitabu cha masimulizi na mashairi juu ya mtawa wa Tang aliyekwenda kuchukua vitabu vya dini, na nakala yake ilihifadhiwa katika hekalu la Kozanji huko Kyoto, Japani. Humo tunamwona kwa mara ya kwanza katika kitabu cha hadithi yule tumbili ajitokezaye kwa sura ya mwanachuoni mwenye mavazi meupe, akajitolea kumlinda mtawa. Tunamwona pia mungu wa mchanga mrefu, aliyewala wasafiri waliotangulia. Hapa mabadiliko yako wazi kwa kila mwenye macho: lile jangwa la kiu limekuwa kiumbe mwenye mwili, na yule kiongozi aliyekimbia amepata badala yake, msaidizi asiyekimbia. Wako wataalamu waliodhani kwamba tumbili huyu ana deni kwa Shi Pantuo, na wako waliomtafutia asili India. Sisi hatuhitaji kukata shauri. Yatutosha kuona kwamba watu wa mjini, ambao hawakupata kuona jangwa, walihitaji kulipa jangwa uso ili waliogope.

Wageni nao walipitia Hangzhou, na mifano yao miwili inafaa kulinganishwa. Marco Polo aliuita mji huo Quinsai, na kitabu chake kinautaja kuwa na madaraja 12,000, hesabu ambayo hakuna anayeiamini. Lakini ikumbukwe kwamba kitabu hicho kiliandikwa gerezani Genoa, mwaka 1298, na Rustichello wa Pisa, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtungaji wa hadithi za mashujaa wapanda farasi wa Ulaya. Kwa hiyo tangu siku yake ya kwanza safari ile ilipita katika kalamu iliyokwisha kuzoea masaibu. Mgeni wa pili ni Ibn Battuta wa Tangier, ambaye sisi tunamjua kwa kuwa alifika Kilwa mwaka 1331. Habari zake za Uchina ni za karibu mwaka 1346, na ziliandikwa pamoja na habari zake zote kitabuni mwaka 1355. Wako wanaotia shaka kama kweli alifika Hangzhou, lakini kisa anachokisimulia juu ya mji huo kina thamani yake hata hivyo. Katika karamu ya amiri, anasema, mchezaji mmoja alirusha mpira uliofungwa ukanda mrefu mpaka ukapotea juu, akampandisha mtoto, akamfuata na kisu, akatupa chini kiungo baada ya kiungo, kisha akaviunganisha mtoto akasimama mzima. Ibn Battuta alishikwa na mapigo ya moyo hata akanyweshwa dawa. Ndipo kadhi aliyekaa karibu naye akamwambia kuwa hapakuwa na kupanda, kushuka wala kukata: yote yalikuwa kiini macho.

Karne tatu baadaye Pu Songling, mtungaji mashuhuri wa visa vya ajabu aliyefariki mwaka 1715, aliandika kisa kinachofanana na hicho, cha baba na mwana na kamba ipaayo mbinguni kuiba pichi. Anakieleza kuwa ni jambo aliloliona utotoni alipokwenda mji wa jimbo kufanya mtihani. Tazama tofauti ya watu hawa wawili. Msafiri ametuachia pigo la moyo wake pamoja na maneno ya kadhi. Mtungaji amemwondoa kadhi. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi, na ndiyo hatari yake.

Matbaa za Nanjing

Nanjing ulikuwa makao makuu ya Ming tangu mwaka 1368 hata mwaka 1421, mahakama ya mfalme ilipohamia Beijing. Ukuta wake ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 35, na sehemu kubwa ingali imesimama. Matofali mengi ya ukuta huo yamepigwa mhuri wa majina ya wilaya, maofisa na mafundi waliohusika, ili tofali likiwa bovu ajulikane wa kuulizwa. Hapo ndipo zilipotayarishwa safari saba za baharini za Zheng He, towashi aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu wa Yunnan, tangu mwaka 1405 hata 1433. Katika gudi la kale la merikebu mjini humo ulipatikana mwaka 1957 mti wa usukani wenye urefu wa mita 11 na ushei, na mabonde ya gudi hilo yakafukuliwa tena mwaka 2003 na 2004.

Karne ya kumi na sita ilipokuwa ikielekea kuisha, Nanjing haukuwa tena mji wa mfalme, bali ulikuwa mji wa wapiga chapa. Mwaka 1592 duka la Shidetang la Nanjing lilitoa nakala ya zamani kabisa ijulikanayo ya Xiyou ji, yaani Masimulizi ya Safari ya Magharibi, kitabu cha sura mia moja ambacho hakikutiwa jina la mtungaji na ambacho baadaye kilinasibishwa na Wu Cheng'en wa Huai'an. Humo tumbili wa Hangzhou amekua akawa Sun Wukong, aliyewahi kuasi mbinguni. Na mungu wa mchanga amekuwa mwanafunzi wa tatu, mpole na mchukuzi wa mizigo. Ni kitabu cha kuchekesha na cha hekima, nacho kimewafurahisha wasomaji kwa zaidi ya karne nne. Lakini katika kitabu hicho mtawa haondoki kwa siri. Mfalme mwenyewe humwita ndugu, humpa barua ya njia na kumsindikiza hata nje ya mji. Yule kijana aliyevunja sheria kwa ajili ya elimu, akalengwa mishale na walinzi wa dola yake, amefutwa. Mahali pake amesimama mtumishi wa mfalme. Hapa ndipo swali letu linapoanza kuuma.

Mwaka 1597, miaka mitano tu baada ya kitabu hicho, Luo Maodeng alitoa hadithi nyingine ya sura mia moja, juu ya safari za Zheng He. Nanjing wa siku zake ulikuwa na kumbukumbu nyingi za safari hizo: mnara wa kaure wenye ghorofa tisa, ulioanza kujengwa mwaka 1412 na kubomolewa katika vita mwaka 1856, hekalu la mungu wa kike wa mabaharia, na jina la gudi. Luo alikuwa pia na vitabu vya watu waliosafiri katika misafara hiyo, hasa Ma Huan aliyekuwa mkalimani Mwislamu, na askari Fei Xin, naye alivitumia waziwazi. Majina ya bandari, bidhaa na desturi aliyatoa humo. Kisha juu yake akapanga vita vya kichawi, mtawa wa Buddha na kasisi wa Dao wakishindana na majitu, hata merikebu zikafika nchi ya wafu.

Kwa nini mambo yakawa hivyo? Sababu ilikuwa ya wakati wake. Tangu mwaka 1592 majeshi ya Ming yalikuwa yakipigana na Wajapani katika Korea, na Luo katika dibaji yake anaonyesha huzuni kwa udhaifu wa siku zake akiulinganisha na fahari ya Zheng He. Aliyatembelea magofu ya utukufu akatamani ushindi, na kwa kuwa ushindi haukuwako barazani kwa mfalme, aliutengeneza katika karatasi.

Mogadishu mbili

Basi tuifuate merikebu ya Luo hata bandari zetu. Fei Xin, katika kitabu chake cha mwaka 1436, ana maelezo mafupi ya Mogadishu, ijapokuwa ameyaweka katika sehemu ya mambo aliyoyapokea kwa wengine. Anasema mji una ukuta wa mawe, na nyumba zimepandishwa kwa mawe ghorofa nne au tano, jiko na choo na baraza ya wageni vikiwa juu. Anasema nchi ni kame na mvua huweza kukosekana kwa miaka, na maji huvutwa katika visima virefu kwa gurudumu na mifuko ya ngozi. Hii ni habari ya mtu aliyetaka kujua watu wa huko wanaishije. Nayo kumbukumbu ya mahakama ya Ming inataja wajumbe wa Malindi walioleta twiga mwaka 1415, na wajumbe wa Mogadishu, Barawa na Malindi mwaka 1416. Misafara ile haikuwa ya amani tupu, kwa maana huko Ceylon palipiganwa mwaka 1411. Lakini katika habari hizi za pwani yetu hao ni wenyeji na wajumbe.

Katika hadithi ya Luo, Mogadishu ni mji wa maadui. Hulindwa na mtawa mchawi mwenye matoazi yarukayo angani, hushindwa kwa hila, na mwisho huleta barua ya kusalimu amri. Visima havikumfaa mtungaji, wala jiko lililo juu ya ghorofa ya nne. Mwenyeji aliyemtekea mgeni maji amekuwa kikwazo cha kuondolewa ili sura ifungwe.

Sitaki nieleweke kuwa ninamshitaki Luo mbele ya mahakama ya karne nyingine. Hakuwachukia watu wa Mogadishu. Hakuwafikiria kabisa, na hilo ndilo jambo la kuzingatiwa. Hadithi za masaibu za mataifa mengi zimefanya vivyo hivyo, na Afrika imekuwa uwanja wa nyingi zilizoandikwa Ulaya, ambamo mlima una jina na mchukuzi wa mizigo hana. Msomaji wa Kiswahili ana nafasi ya pekee katika jambo hili. Yeye hulisoma kutoka pande zote mbili: hufurahia ushujaa wa msafiri, na hapo hapo hujikuta amesimama ufukoni akingojea kushindwa.

Mafunzo kwa mtungaji

Je, mtungaji wa Kiswahili atakayepita leo katika Xi'an, Hangzhou au Nanjing arudi na nini? Twaweza kuyakusanya tuliyoyaona.

La kwanza, atafute mpaka wa kila mji: ni nani aliyefungiwa nje, ni saa ngapi lango lilifungwa, na adhabu ilikuwa nini. Hapo ndipo penye kisa. La pili, ajue masikio ya watu wake, kama walivyoyajua wasimulizi wa Hangzhou, ili jangwa la mbali lipate uso ambao msikilizaji wa Mwanza au wa Lamu atauogopa. La tatu, awe na uaminifu wa tofali la Nanjing, ambalo lilichukua jina la aliyelifanya. Robert van Gulik, balozi wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1967, ni mfano mwema hapa. Mwaka 1949 alichapisha tafsiri yake ya hadithi ya zamani ya Kichina juu ya kadhi Di Renjie wa enzi ya Tang, kisha akatunga nyingi za kwake mwenyewe. Alichora ramani za miji aliyoibuni, ili kila lango na kila daraja liwe mahali pake. Na alipotumia desturi za Ming katika visa vya Tang, aliwaambia wasomaji wake hivyo waziwazi. Uhuru wa kubuni haukumnyima adabu ya kusema kweli.

La nne, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, asimwondoe mwenyeji. Lugha yetu ina kielelezo cha kale cha jambo hili. Salim bin Abakari, aliyesafiri Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wake Mjerumani, aliacha habari za safari hiyo kwa Kiswahili, zikachapishwa katika kitabu cha Velten cha mwaka 1901. Alikwenda kama mtumishi, na macho yake yalikuwa juu ya chakula cha watu, mavazi yao, baridi yao na ibada yao. Hakuna hata mji mmoja alioushinda, na bado msomaji hawezi kukiweka chini kitabu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hadithi ya safari inaweza kupaa hata mbinguni pamoja na Sun Wukong. Lakini pasipo maji yaliyomwagika katika mchanga, na farasi mkongwe aliyejua njia, asingekuwako tumbili wa kupaa. Wanafunzi wetu wanapotunga hadithi za miji ya mbali, kwanza na wajue kisima kiko wapi na ni nani atekaye maji. Kisha na wawe huru kuleta majitu kadiri wapendavyo, mradi mtekaji maji abaki na jina lake.